Kifungu cha Saba

Jumamosi ile studio ya Ngosha pale Mabatini, Mwanza, ilikuwa imefurika watu. Kulikuwa na bwana harusi na msafara wake, watoto wa kipaimara na mishumaa yao, na mama mmoja mwenye mapacha waliokuwa wanalia kwa zamu. Ngosha alikuwa na koti moja tu jeusi la kuazimisha wateja, na foleni ya kungojea koti ilikuwa ndefu kuliko foleni ya kupigwa picha. Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, mvua za El Niño zimetafuna barabara zote, lakini kila mtu mjini alikuwa anatafuta pasi, kitambulisho au leseni ya kitu fulani.

"Dada, hiyo picha itakataliwa."

Aliyesema hivyo ni Venant, kijana mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, kalamu mbili mfukoni. Aliyeambiwa aligeuka taratibu. Alivaa sketi ndefu ya kijani iliyomkaa vizuri kiunoni, na rasta zilimwagika mabegani zikafunika masikio. Koti la Ngosha lilikuwa limemmeza.

"Ikataliwe na nani?"

"Masikio hayaonekani. Picha ya safari ya nje, masikio yote mawili lazima yaonekane."

"Kaka, wewe ni wa uhamiaji?"

"Hapana."

"Daktari wa masikio?"

Foleni nzima ilicheka. Venant naye akacheka, maana hakuwa na namna. "Mimi ni karani wa ofisi ya wanafunzi, Chuo Kikuu cha Nyanza. Hiyo fomu ya kuomba safari uliyoshika itaishia mezani kwangu."

Msichana akaiangalia fomu, akamwangalia yeye, akakusanya rasta zake zote na kuzifunga kisogoni. "Haya, bwana karani. Yanaonekana?"

"Yanaonekana. Na ni mazuri."

"Usicheke, dada!" Ngosha alifoka kutoka nyuma ya kamera. "Pasi haitaki kicheko!"

"Basi mtoe huyu kaka nje kwanza."

Ndivyo Venant alivyomjua Hellen Akumu, binti wa Mzee Otuoma wa Shirati, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ustawi wa jamii. Chuo chenyewe kilikuwa kipya, cha binafsi, rangi ya kuta bado inanuka. Venant, Mkerewe wa Nansio, ndiye aliyekuwa anatunza kanuni zake. Alizipenda, jamani! Alikuwa anazijua kama wengine wanavyojua nyimbo za kanisani. Akumu akampa jina la Bwana Kanuni, na ndani ya mwezi mmoja jina hilo lilikuwa linatamkwa kwa sauti ya chini, kwenye mawe ya Capri Point, huku wakila sato wa kukaanga kutoka kwenye gazeti moja.

Jioni Venant alikuwa anapiga simu hosteli, na Mama Getruda, matroni, anamwita Akumu kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya pili.

"Haloo, mpenzi. Umekula?"

"Nimekula wali wa hosteli. Hicho si chakula, Venant, ni adhabu."

"Njoo kwangu Igoma kesho nikupikie."

"Mwanaume anayepika! Kanuni namba ngapi hiyo?"

"Hiyo haijaandikwa. Nimeitunga kwa ajili yako."

"Mwongo wewe," alisema Akumu, na Venant akasikia kwamba anatabasamu.

Mwezi wa tatu Akumu alichaguliwa pamoja na wenzake watano kwenda Kigali kwa wiki sita, kufanya mafunzo kwenye shirika lililokuwa linawatafutia ndugu watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa vita. Aliitaka safari ile kuliko kitu chochote. Aliisema akiamka, aliisema akilala. Lakini Rwanda ilikuwa kwenye orodha ya chuo ya nchi za hatari, na mwanafunzi wa kwenda nchi ya hatari alitakiwa kujaza fomu ya kurasa kumi. Ukurasa wa nane ulikuwa wa mzazi. Uliuliza hivi: endapo mwanafunzi atafariki akiwa safarini, maiti irudishwe wapi, na azikwe wapi? Mzazi aandike kwa mkono wake mwenyewe na kutia sahihi.

Mzee Otuoma aliirudisha fomu bila kuandika hata herufi moja.

"Amesema hawezi," Akumu alisema. Alikuwa amekuja ofisini mchana, macho yamevimba. "Nimemuuliza kwa nini, kanyamaza. Nimempigia magoti, Venant. Akainuka akaenda shambani akaniacha hapo chini. Siku zimebaki tatu. Wewe ndiye unayezijua kanuni. Hakuna njia nyingine?"

Njia ilikuwepo. Ilikuwa kwenye droo, chini ya kiwiko cha Venant, kwenye kitabu cha Kiingereza ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kukifungua. Kifungu cha saba kilisema wazi: mwanafunzi aliyetimiza miaka ishirini na moja, mzazi akikataa au akishindwa, ajaze ukurasa wa nane mwenyewe mbele ya mwanasheria. Akumu alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Venant alimtazama yule msichana, akaona shingo yake, mikono yake, na akaona gari likipotea upande wa mpaka wa Rusumo. Hakuna mtu wa Mwanza aliyekuwa amesahau mwaka wa tisini na nne, watu walipoogopa kula samaki kwa sababu ya maiti zilizokuwa zinaletwa na maji kutoka Rwanda. Angeweza kusema, mpenzi, naogopa, usiende. Angejibiwa, wangegombana, yangekwisha. Hakusema.

"Hakuna," alijibu. "Kanuni ni kanuni, Akumu."

Akumu alilaza kichwa mezani akalia. Venant akamshika bega, akampa leso yake, akamwambia pole. Akumu akamshukuru! Akasema, "Angalau wewe umejaribu." Karani wetu alilipokea lile neno la asante, akalimeza zima zima.

Gari liliondoka na wanafunzi watano. Jumapili iliyofuata Akumu alimletea barua aliyomwandikia baba yake. Barua ya kurasa mbili, kali, ya kumwambia mzazi kwamba amemvunjia maisha kwa ubishi wake, na kwamba Pasaka haji nyumbani, wala asimtegemee sikukuu yoyote.

"Isome, mpenzi. Nimezidisha?"

Venant aliisoma mara mbili. Masikio yalimwaka moto. Hapo ndipo angesema. Badala yake alisahihisha mahali palipokosa mkato, akaweka bahasha mfukoni, na kesho yake akaipeleka posta kwa miguu yake mwenyewe.

Toka siku hiyo hakuwa na raha. Akumu akimbusu, anaona aibu. Akumu akimpigia simu na kumwita kipenzi changu, anaona aibu zaidi. Usingizi ukawa wa kuibia. Mara tatu alimwalika Igoma ili amwambie, mara tatu akaishia kumpikia. Akumu akamtania kwamba amekonda kwa kupika asichokula.

Ukweli uliletwa na mtu ambaye hata hakujua anaubeba. Kashindye, mwenzake Akumu darasani, alikuwa mmoja wa wale watano. Aliporudi kutoka Kigali akakaa naye kantini, na Akumu akataka kujua baba wa Kashindye, mfugaji ambaye hajui kusoma, aliwezaje kujaza ukurasa wa nane.

"Baba? Baba alikuwa kwenye malisho, hata hakuniona. Nilimwendea Bi Wilhelmina, mkuu wa ofisi, akanionyesha kifungu cha saba. Nikajaza mwenyewe kwa mwanasheria. Kwani wewe Venant hakukwambia?"

Saa nne asubuhi ofisi ilikuwa imejaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Akumu aliingia amevaa gauni la bluu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, akasimama kwenye foleni kama wengine, akangoja zamu yake.

"Shida yako?" Venant aliuliza, akitabasamu.

"Naomba kitabu cha kanuni za safari."

Tabasamu likamkauka mdomoni. "Akumu, tuzungumze nje."

"Mimi ni mwanafunzi. Naomba kitabu."

Hakuwa na la kufanya. Alifungua droo, akampa. Akumu alikifungua hapo hapo kwenye kaunta, akapitisha kidole, akafika. Akasoma kwa sauti, kwa Kiingereza, kisha akaeleza kwa Kiswahili, polepole, wanafunzi wote wakisikia.

"Ulikuwa unakijua hiki kifungu?"

"Akumu..."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo."

"Nilipokuwa nalia hapa, kilikuwa kwenye droo hii?"

"Ndiyo."

"Na ile barua kwa baba. Uliisoma ukijua?"

Venant alitaka sakafu ipasuke immeze. Bi Wilhelmina alikuwa ametoka ofisini kwake, amesimama mlangoni na miwani mkononi. Mwanafunzi mmoja alijikohoza. "Ndiyo," alisema.

Akumu alifunga kitabu, akakisukuma kwake juu ya kaunta. Hakumtukana. Laiti angemtukana! Alisema tu, "Nimemtukana baba yangu kwa ajili yako," akatoka.

Jioni Venant alipiga simu hosteli.

"Mama Getruda, shikamoo. Naomba Akumu."

"Marahaba. Amesema hayupo."

"Amesema mwenyewe?"

"Amesimama hapa mbele yangu, anasema hayupo. Niandike nini, baba?"

Alipiga siku tisa, na siku zote tisa Akumu hakuwepo. Ofisini Bi Wilhelmina alimpa barua ya onyo, na kumwambia kwamba kundi la pili linaondoka mwezi wa nane na Akumu atapewa nafasi ya kwanza. Venant aliipokea ile barua kwa mikono miwili. Alitamani iwe kali zaidi.

Siku ya kumi aliomba ruhusa akapanda basi la alfajiri kwenda Shirati. Alijisemea kwamba Akumu anaweza kujipatanisha na baba yake kwa neno lake mwenyewe, lakini yule mzee alikuwa ametukanwa kwa kosa la mtu mwingine, na mtu huyo hana budi kwenda kulisema. Njiani mara mbili alitaka kushuka.

Mzee Otuoma alikuwa mtu mkubwa, mwenye mvi fupi, anapukuchua mahindi barazani. Boma lake lilizungushiwa uzio wa minyaa uliokatwa vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

Venant alibaki amesimama. Alisema yote: fomu, droo, kifungu, barua. Alisema na mahali alipoweka mkato. Mzee hakuacha kupukuchua.

"Mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika miaka ishirini na sita," alisema mwishowe, "mpaka kilipokufa. Karatasi ikilala kwenye droo hailali yenyewe. Yuko mtu ameilaza."

"Ndiyo, mzee. Ni mimi."

"Nami nilikuwa nalala chali kila usiku, najiuliza binti yangu amepata wapi maneno yale." Akatupa gunzi pembeni. "Unataka kujua kwa nini sikuandika? Angalia ule uzio. Kwetu sisi Wajaluo, mwana wa kike ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake. Anazikwa nje, kule nyuma ya minyaa. Aliyeolewa anazikwa kwa mumewe. Wao wananiuliza, azikwe wapi? Niandike kwa mkono wangu kwamba Akumu wangu ni wa kutupwa nje ya uzio? Na yeye nimwambieje? Ndiyo maana nilikwenda shambani."

Sasa mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Lakini aibu ikimjaa mtu, humsukuma atafute pa kuitua haraka. Venant akasema, "Basi mzee, iandikwe kwetu, Nansio. Mimi nitamuoa. Azikwe kwetu."

Mzee Otuoma aliinua macho. "Yawa! Unaniposea binti kupitia kaburi?"

"Sikuwa na maana..."

"Umekuja peke yako, huna mjomba, huna shangazi, vumbi limekujaa mpaka kwenye kope, na unaniomba maiti ya mwanangu? Hata chai hujanywa!"

Venant alijifunika uso kwa mikono. Hakumbuki alikaa hivyo kwa muda gani. Anakumbuka tu kwamba baadaye aliwekewa ugali na samaki, wakala, wakanawa, na mzee akamwonyesha barabara ya kituo cha basi. Hakumwambia kama amemsamehe.

Siku ya mwisho ya kupokea fomu za kundi la pili, Akumu aliingia ofisini, na nyuma yake Mzee Otuoma, amevaa koti la kahawia la enzi za ushirika. Akumu hakumtazama Venant. Aliitandaza fomu kwenye kaunta.

"Kuna kifungu cha saba," Venant alisema kwa sauti ndogo. "Mzee halazimiki kuandika."

"Nimekisoma," alisema mzee. "Binti yangu alinisomea. Nipe kalamu."

Aliinama akaandika taratibu, kwa mwandiko ule wa makarani wa zamani wenye mikia mirefu. Kisha akaugeuza ukurasa ili Venant ausome. Palikuwa pameandikwa: Arudishwe Shirati. Azikwe ndani ya boma la baba yake.

"Mzee," Venant alisema. "Ndani?"

"Ndani. Ndugu zangu watanisema. Wazee wataitana kikao. Waitane tu." Akairudisha kalamu. "Ni mwanangu. Yuko wapi mwenye muhuri?"

Akumu alikuwa ameuma mdomo, machozi yanamtiririka bila sauti. Venant alichukua muhuri. Yeye alikuwa ameficha mstari mmoja wa kitabu kwa kuogopa kuumia moyo. Mtu huyu alikuwa amevunja mila ya babu zake kwa kalamu ya kuazima. Akagonga muhuri, na hakuweza kuinua uso mpaka walipotoka.

Kanuni ya kumi na moja ilitaka kila mwanafunzi aliyeko nchi ya hatari apige simu ofisini Jumamosi saa nne, na karani amuulize maswali matatu. Jumamosi ya kwanza sauti ilikuja inakwaruza kutoka kwenye simu ya setilaiti ya shirika.

"Hellen Akumu Otuoma."

"Uko salama?"

"Ndiyo."

"Uko mahali palepale ulipopangiwa?"

"Ndiyo."

"Una shida yoyote?"

"Hapana." Simu ikakatwa.

Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, kwenye swali la mwisho, alisema kuna mtoto wa kama miaka mitano aliyekuwa mchanga wakati wa vita, hajui jina la mama yake wala la kijiji chao, na kila gari likifika anasimama getini. Venant alimsikiliza. Hakumshauri kitu. Ya nne waliongea dakika tano, ya mtoto yule tu. Ya tano Akumu hakungoja kuulizwa.

"Venant, mbona hujaniomba msamaha?"

"Niliona simu hii ni ya kazi. Kanuni..."

"Ukinitajia kanuni nakata."

Venant alishika mkono wa simu kwa mikono miwili. Mbele yake walikuwa wamesimama wanafunzi wawili waliokuja kuuliza ratiba.

"Nisamehe, Akumu. Niliogopa kukupoteza, nikaona bora nikufunge. Nilikuacha ulie wakati naweza kukunyamazisha. Nilikuacha umtukane baba yako. Naona aibu nikila, naona aibu nikinyoa ndevu, naona aibu kukusikia sasa hivi. Nakupenda, na sijui kama nina haki ya kulisema hilo."

Upepo ukavuma kwenye waya.

"Na ukaenda kwa baba kuposa kaburi."

"Amekwambia?"

"Amewaambia Shirati nzima." Akumu alicheka, kicheko kidogo chenye kamasi za kulia, cha kwanza tangu mwezi wa tano. Kisha akawa makini. "Nimekusamehe nusu, Venant. Nusu nyingine inategemea. Wiki ijayo nitakuwa njiani, na baba ndiye atakayenipokea. Wewe usije. Wewe utakuja Shirati mwezi unaofuata, na watu wako, kama watu wanavyokwenda kuposa."

"Nitakuja. Akumu, nitakuja hata kwa magoti!"

"Ngoja kwanza. Mama yako lazima awepo. Na kabla watu wako hawajasema neno lolote, utasimama uwaambie wote ulichonifanyia, na ulichomfanyia baba. Mama yako asikie kutoka mdomoni mwako. Mimi siolewi na mtu ambaye kwao wanamjua nusu."

Mama yake, Mama Dorotea, kule Nansio alikuwa anawaambia majirani kwamba mwanawe wa Mwanza hajawahi kusema uongo toka azaliwe. Alikuwa amekata picha ya mwanawe ya kazini akaitundika juu ya mlango. Venant alimwona kwa mawazo, amekaa Shirati akitabasamu, amejifunga kitenge chake cha sikukuu, akingoja kusikia mwanawe anasifiwa.

"Venant? Uko hapo?"

"Niko."

"Utasema?"

"Nitasema," alijibu, na machozi yakamtoka hapo hapo, mbele ya wale wanafunzi wawili wa ratiba.